Kuvuta Si Kazi, Kazi ni Kusimama



Wasomaji wetu watukufu, huenda mada ya trela ikaonekana kuwa ya gereji, isiyo na nafasi katika ukurasa wa familia. Hata hivyo, nyumba nyingi za mwambao huu hupata riziki kwa pikapu: ya samaki, ya nazi, ya maji, ya viti na masufuria ya harusi na hitima. Pikapu ikifa mbali na fundi wake, namna ya kuirudisha huwa shauri la nyumba nzima, kwa kuwa fedha ni za nyumba na roho zitakazopitiwa njiani ni za watu.

Sisi yalitufika mwaka jana. Pikapu yetu, Land Cruiser ya kazi, ilivunjika giaboksi ikiwa Malindi, na fundi tunayemwamini yuko Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi. Zikatolewa rai tatu: kuivuta kwa kamba, kukodi trela ndogo iliyokuwa karibu kwa bei nafuu, au kukodi trela kubwa yenye breki zake, kwa bei ya karibu maradufu. Tulikaa kushauriana, wake kwa waume. Ami zetu walipokwisha kusifu nguvu ya gari litakalovuta, bibi yetu akauliza kwa upole: “Wanangu, nyote mwasema itavutwaje. Mbona hakuna asemaye itasimamaje?”

Swali hilo ndilo lililotuongoza. Gari lenye injini kubwa laweza kuuondoa mzigo mzito mahali ulipo, lakini breki zake zimeundwa kwa uzito wake lenyewe na wa abiria wake. Likifungwa mzigo nyuma usio na breki, siku ya kukanyaga ghafla mzigo ule hulisukuma mbele. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wa magari huweka kikomo cha kilo 750 kwa trela isiyo na breki. Pikapu yetu pekee hukaribia kilo 2,200. Trela ile ndogo haikuwa na breki; kwa hesabu hiyo tu ilikuwa imekwisha kuanguka. Na kamba haikufaa kabisa, kwani gari ambalo injini yake imezimwa usukani wake huwa mzito na breki zake hupoteza msaada.

Hesabu ya pili ni ya uzito. Mwenye trela ndogo alituambia inabeba tani 2. Tuliomba kuona kibao cha chuma kilichogongwa na mtengenezaji, tukakuta kilo 2,000 ni uzito wa jumla, yaani trela yenyewe pamoja na mzigo wake. Trela hiyo tupu ilikuwa na kilo 450. Iliyobaki ni kilo 1,550 tu. Trela kubwa ilikuwa na jumla ya kilo 3,500, nayo tupu kilo 800. Ikabaki nafasi ya kilo 2,700. Pikapu yetu ikaenea, na ziada ikabaki. Tukahakikisha pia kwamba gari la kuvuta limeruhusiwa na mtengenezaji wake kuvuta kilo 3,000 zile, trela na pikapu pamoja.

Trela kubwa ilikuwa na ekseli mbili, magurudumu mawili kila upande. Tairi moja ikipasuka, la pili hubaki limeshikilia. Tulitazama tarehe na upepo wa kila tairi, kwani trela hukaa juani miezi mingi na mpira huchakaa bila ya kutembea.

Kupakia nako kuna elimu yake. Pikapu iliingia kichwa mbele, injini ikakaa mbele kidogo ya magurudumu ya trela, ili kiasi cha asilimia 10 ya uzito wote, kama kilo 300, kilalie ndoano ya gari linalovuta. Uzito ukiwa nyuma mno, trela huanza kuyumba kama mkia, na ukipita darajani Kilifi upepo wa baharini ukiwa mkali, mkia huo waweza kumshinda dereva. Ukizidi mbele, hulikalia gari nyuma hata magurudumu ya mbele yakapoteza mshiko. Kila pembe ilifungwa mkanda wake wa kukazia, minne kwa jumla, na minyororo miwili ikapishanishwa chini ya ndoano. Baada ya kilomita chache dereva alisimama akakaza tena, kwani mzigo ukitikisika mikanda hulegea.

Hayo yote ni kumfunga ngamia kabla ya kutawakali, kama tulivyofundishwa. Asiyefunga akasema ametawakali, amewaachia wengine hatari yake.

Tofauti ya bei ilitoka katika akiba ya akina mama wa nyumba, fedha tulizoziweka kwa matayarisho ya Ramadhani. Hakuna aliyezitoa kwa wepesi. Lakini barabara ile hupita mbele ya madrasa, masoko na vituo vya matatu. Watoto wanaovuka pale hawakuulizwa kama wanaridhia tuokoe fedha. Usalama wao ulikuwa amana mikononi mwetu. Karibu na Mtwapa bodaboda alikata mbele ghafla. Dereva akakanyaga, na gari na trela vikasimama pamoja, vimenyooka. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah.

Basi nyumba itakayofikwa na jambo kama hili, na iulize kabla ya kutoa hata shilingi: trela ina breki zake? Kibao chasema nini, na tukiondoa uzito wa trela tupu hubaki kiasi gani? Gari la kuvuta limeruhusiwa kiasi gani? Mzigo umekaa wapi, na umefungwa kwa nini? Na wote waulize, akina mama kwa akina baba, kwa kuwa mwenye kuuliza hahitaji kuwa fundi.

Mola azilinde safari zenu na awalinde wanaopita kandokando yake. Amin.