TAFAKARI YA JUMA: Tulichinja Mbuzi, Hatukutafuta Kitanda



Wapendwa wanaparokia, nanyi nyote mnaotusoma kila juma,

Kila vyuo vikuu vinapokaribia kufunguliwa, ofisi ya parokia hupokea wageni wa namna moja. Huja baba na mama wakiwa wamevaa nguo za Jumapili katika siku ya kazi, na katikati yao kijana aliyeshika bahasha. Huomba baraka ya safari, huomba barua ya utambulisho kwa paroko wa huko aendako, kisha huondoka wakiwa na furaha. Juma hili wamekuja watatu. Tulipokuwa tukiwaandikia barua zao, kalamu ilikuwa nzito mkononi, maana tulikumbuka barua ya namna hiyo tuliyoiandika miaka miwili iliyopita, na mambo yaliyofuata. Leo tunawasimulia mambo hayo. Mhusika mwenyewe ameturuhusu, ila jina lake tunalihifadhi. Mtayapokea kama maungamo yetu sisi, paroko na waamini kwa pamoja, zaidi ya kuwa habari za binti mmoja.

Alikuwa binti wa kigango chetu kimoja, mtoto wa nne wa mkulima wa alizeti. Alisoma shule ya kata, akapata daraja la kwanza kidato cha sita, akachaguliwa kusomea sheria Mlimani, Dar es Salaam. Wazee wetu wanajua uzito wa neno hilo. Chuo kile kilianza mwezi Oktoba mwaka 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, na kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Kilianzia katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika ishirini, na mwaka 1964 chuo kikahamia kilimani kilipo hadi leo. Wametoka humo majaji na mawakili wa nchi yetu na wa nchi jirani. Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 2011, alisomea sheria pale. Na sasa alikuwa anakwenda huko mtoto wa kigango chetu!

Tulikuwa na sababu nyingine ya kufurahi. Mnamkumbuka yule mama mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake kwa karatasi ambayo hakuna mtu kijijini aliyeweza kumsomea na kumweleza maana yake. Siku ile wengi wetu tulisema, laiti tungekuwa na mwanasheria wetu. Basi tuliona kwamba Mungu ametujibu.

Tukaadhimisha Misa ya shukrani. Kwaya iliimba, akina mama wa WAWATA wakamfunga kanga, keki ikaletwa kutoka mjini, na mbuzi akachinjwa. Tulipofunga hesabu, sherehe ilikuwa imegharimu shilingi 640,000. Fedha taslimu tulizomkabidhi binti mkononi zilikuwa 85,000. Hakuna hata mmoja wetu aliyezitazama namba hizo mbili zikiwa pamoja. Barua ya utambulisho tuliiandika sisi wenyewe: kwamba ni Mkatoliki mwema, mwanakwaya, mtoto wa familia yenye heshima. Tukapiga muhuri.

Alifika Dar es Salaam usiku. Nafasi za hosteli hazikutosha kwa wote walioomba, naye hakuwa miongoni mwa waliopata. Chumba cha kupanga mtaani kilikuwa shilingi 70,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye alidai kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake. Hesabu hiyo ni 490,000, kabla ya godoro na kabla ya chakula. Mkopo wa elimu ya juu alipata kwa sehemu tu. Vitabu hakuweza kununua, hivyo alikuwa akitoa kopi kurasa chache kila alipopata fedha. Kuhusu kulala, wanafunzi wana neno lao, kubebwa: msichana mwenye kitanda cha mtu mmoja anampokea mwenzake kwa siri, wanalala wawili, mmoja kichwa huku na mwingine kule. Binti yetu alibebwa. Alikuwa akirudi usiku sana na kuondoka alfajiri, nguo zake zikiwa ndani ya mfuko wa rambo chini ya kitanda cha mwenzake.

Na akiwa katika hali hiyo ndipo alipoingia darasani. Mnajua kwamba tangu mwaka 2021 sheria yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Lakini hukumu za miaka mingi ambazo mwanafunzi wa sheria hana budi kuzisoma zimeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha zamani. Wenzake wengine walikulia katika nyumba za mawakili na kusikia maneno hayo mezani tangu utotoni. Yeye ukurasa mmoja ulimchukua saa nzima, kamusi ikiwa pembeni. Siku ya kwanza aliposimama kujibu swali, sentensi ilimkatikia njiani, na baadhi ya wenzake wakacheka. Hakusimama tena.

Juma la sita alituandikia ujumbe katika simu. "Shikamoo Padre. Nadhani walikosea jina langu na la mtu mwingine. Mimi si wa hapa. Naomba unisaidie namna ya kuwaambia nyumbani kwamba narudi." Kisha, baada ya dakika chache: "Ila namwogopa yule mbuzi. Nitarudije, na mbuzi ameshaliwa?"

Tuungame hapa jinsi tulivyomjibu. Tulimjibu upesi, tukiwa tunatoka kigangoni: "Sali rozari, mwanetu, Mungu hamwachi mja wake." Ni maneno ya kweli. Lakini tuliyatuma kama mtu anavyotupa sarafu kwa ombaomba bila kumtazama usoni. Yeye akajibu, "Asante Padre," na kwa majuma matatu hakuandika tena neno.

Mungu ni mwema. Ulitokea wito wa mkutano Dar es Salaam, nasi tukapata nafasi ya kumtembelea. Tulimkuta amekonda. Tukaketi naye mgahawani, tukaagiza chakula na soda mbili za tangawizi. Alipoletewa ya kwake aliinua chupa, akaitazama kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Padre, ngoja kwanza tuangalie kama humo hamna konokono."

Hatukuelewa, ndipo akatusimulia. Kuna kesi moja ambayo wanafunzi wa sheria wa nchi nyingi zilizorithi sheria ya Uingereza huisoma mapema. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley, Uskoti, mama mmoja aitwaye May Donoghue, mfanyakazi wa dukani, alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa nyeusi, haionyeshi ndani. Alikwisha kunywa kiasi wakati, kwa maelezo yake, iliyobaki ilipomiminwa na konokono aliyeoza akatoka. Akaugua, akamshtaki mtengenezaji wa soda, ambaye hakuwa na mkataba naye wowote. Shauri likafika hadi Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, na mwaka 1932 majaji watatu dhidi ya wawili wakaamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kumwangalia mnywaji asiyemjua. Mmoja wao, Lord Atkin, alilijenga neno lake juu ya swali ambalo mwanasheria alimuuliza Bwana wetu katika Injili ya Luka, sura ya 10: jirani yangu ni nani?

"Lakini Padre," akasema, "mimi sikushikwa na habari ya konokono. Nilishikwa na habari ya gharama." Kwa kawaida mtu aliyepeleka rufani kule alipaswa kuweka dhamana, ili akishindwa upande wa pili ulipwe. Mama Donoghue hakuwa na kitu. Aliapa kwamba mali yake yote duniani haifiki thamani ya pauni tano, akaomba aruhusiwe kuendelea kama maskini, bila dhamana. Na waliothibitisha umaskini wake walikuwa mchungaji wa kanisa lake na wazee wawili wa kanisa. Akaruhusiwa. Kama si hivyo, huenda shauri lake lisingefika mahali liliposikilizwa.

Binti akanyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo tumerudi nalo nyumbani na halijatuacha. "Yule mama alikuwa na barua ya kanisa. Na mimi nilikuwa na barua ya kanisa. Ya kwake ilisema ukweli kwamba hana kitu. Ya kwangu ilisema natoka familia yenye heshima."

Hakuwa akilaumu. Alisema kwa upole, akiwa ameinamisha kichwa kama watoto wetu wanavyosema na wakubwa. Lakini lilituchoma.

Ndugu wapendwa, Bwana wetu katika Injili ya Luka, sura ya 14, anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Kwamba kwanza huketi na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza, watu wakamcheka. Mara nyingi tumelihubiri neno hilo tukimwelekea mtu mmoja mmoja: hesabu wewe gharama yako. Lakini mnara huu tuliutangaza sisi. Sisi ndio tuliopiga vigelegele. Gharama tukamwachia binti wa miaka ishirini aihesabu peke yake, usiku, juu ya kitanda cha kuazima. Na aliposhindwa kuimaliza hesabu hiyo, hakusema fedha hazitoshi. Alisema mimi sitoshi. Tutazame jambo hili kwa makini. Anayesoma akiwa na njaa huanza kuamini kwamba hana akili, na aliyekosa mahali pa kulala huanza kuamini kwamba hana mahali katika chuo. Shaka yake juu ya nafsi yake ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kodi ya nyumba iliyovaa nguo nyingine.

Tunasema kwa sehemu kubwa, maana ipo pia shaka ambayo fedha haiondoi. Nasi twaijua. Tulipoingia seminari kuu tukitoka kijijini, tulikaa mwaka mzima tukingoja kuitwa na kuambiwa kwamba kulikuwa na makosa. Musa naye, katika kitabu cha Kutoka, mbele ya kile kichaka, aliuliza yeye ni nani hata aende kwa Farao, akasema ulimi wake ni mzito. Tazameni jibu la Mungu. Hakumwambia kwamba anajidharau bure, wala hakumsifu kwa ufasaha asiokuwa nao. Alimwahidi kwamba atakuwa pamoja naye, kisha akampa Haruni, ndugu wa damu, wa kutembea naye na kusema kwa ajili yake. Dawa ya Mungu kwa mtu aliyeitwa kufanya jambo kubwa kuliko yeye ni mwenzake wa njiani. Sisi tulimtuma Musa wetu bila Haruni.

Tuliporudi tuliliambia Baraza la Parokia ukweli wote, pamoja na zile namba mbili. Kulikuwa na kimya kirefu. Mzee mmoja alisema ni aibu kutangaza umaskini wa mtoto wetu mjini. Tukamjibu kwa heshima kwamba aibu imekwisha kutupata tayari. Jumuiya zetu 11 zilikubaliana kutoa shilingi 5,000 kila moja kwa mwezi. Si nyingi, lakini kwa fungu hilo binti alipanga chumba na wenzake wawili huko Changanyikeni, na akawa na kitanda chake. Tuliandika barua nyingine, safari hii ya kweli, kwa padre mlezi wa wanafunzi. TMCS wakampokea, na kwa njia yao akapatikana mama mmoja wakili, muumini, aliyekubali kuketi naye Jumamosi na kumsikiliza akisoma hukumu kwa sauti, bila kumcheka.

Tusiwadanganye kwamba yote yalinyooka. Mwaka wa kwanza alipata sapu katika somo moja, akalia, akarudia mtihani, akafaulu. Sasa anaingia mwaka wa tatu. Mpaka leo, ametuambia, zipo siku anapoamka akidhani walikosea jina. Lakini likizo iliyopita aliketi na yule mama mjane chini ya mwembe, akamsomea ile karatasi mstari kwa mstari, kwa Kiswahili, mara mbili. Shamba halijarudi. Ila mama sasa anajua karatasi ile inasema nini na haisemi nini, na anajua ofisi ya kuiendea.

Wapo vijana watatu juma hili. Tunaziomba familia na jumuiya zao, kabla ya kupanga sherehe, ziketi na kujibu maswali manne: atalala wapi usiku wa kwanza? Atakula nini mwezi wa pili? Nani atampigia simu juma la sita? Na je, anajua kwamba akishindwa, mlango wa nyumbani u wazi, mbuzi au pasipo mbuzi? Kisha kinachobaki, tufurahi nacho. Barua zao tumeziandika upya. Zinasema ukweli.

Tuwaombee kwa maombezi ya Mtakatifu Ivo wa Bretagne, padre na mwanasheria, aliyewatetea maskini, wajane na yatima bila malipo, akafariki mwaka 1303, na ambaye Kanisa linamkumbuka kila tarehe 19 Mei. Awafundishe watoto wetu sheria, na sisi atufundishe ujirani.

Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Wenu katika Kristo,
Paroko