Siku Tuliyokwenda Kuangalia Miti Fort Portal

Mwezi huu tumeombwa tuwaeleze safari yetu ya Fort Portal, maana wengi mmetuuliza: "Mlitoka na watoto mpaka kule kuangalia miti? Kwani hapa hakuna miti?" Swali ni zuri. Basi tutajaribu kulijibu.

Tuliondoka Bwera alfajiri na taksi mbili za kukodi, watoto 22, walimu watatu na wazazi wanne. Barua ya ruhusa tulikuwa nayo mkononi, na kila mtoto na chakula chake, mihogo ya kuchemsha na karanga. Tulipita Kisinga, tukatokea Kikorongo, pale karibu na mstari wa ikweta, tukashika njia ya Kasese. Kasese tulisimama kidogo kununua maji. Joto la Kasese mnalijua, hata saa tatu ya asubuhi mtu anatafuta kivuli. Kutoka hapo gari linaanza kupanda, Hima, Rubona, na hewa inabadilika. Fort Portal iko juu karibu mita 1,500, na watoto waliovaa shati moja tu walianza kujikunyata. Mkono wa kushoto njia nzima milima ya Rwenzori ilikuwa imejifunika mawingu.

Bustani yenyewe inaitwa Tooro Botanical Gardens. Ilianzishwa mwaka 2001, na eneo lake ni karibu ekari 100, hapo hapo kwenye mji ambao tangu Julai 2020 unahesabiwa kuwa jiji. Bustani ya namna hii si shamba na si pori. Shamba ni la kuvuna, pori linajiotea lenyewe. Hii ni mahali ambapo mimea inakusanywa makusudi, inatunzwa na kusomwa, ili ile inayopotea huko nje isipotee kabisa. Uganda ina nyingine ya zamani zaidi kule Entebbe, ya mwaka 1898. Hata kwetu Congo zipo: Kisantu, na Eala karibu na Mbandaka, ambayo ilianza mwaka 1900. Wengi wetu tulizaliwa Congo na hatukuwahi kusikia.

Sehemu iliyowashika watoto sana ni ile ya miche. Wametandaza neti juu ya nguzo, chini kuna kivuli kizuri, na miche imepangwa kwenye vifuko vyeusi vyenye udongo, safu kwa safu. Mtoto mmoja wa darasa la nne akatuuliza: "Mwalimu, na miti nayo inakaa kambini?" Wazazi walicheka mpaka wakashika tumbo. Lakini mtunza bustani hakucheka. Alimjibu kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kitooro kwamba ni kweli, mche mdogo ukiwekwa moja kwa moja juani unakauka, kwa hiyo unakaa kwanza chini ya neti. Halafu, wiki chache kabla ya kupandwa, unaanza kuzoeshwa: kivuli kinapunguzwa kidogo kidogo, maji nayo yanapunguzwa, mpaka uweze kusimama wenyewe. Usipouzoesha, ukitoka tu unakufa. Ukiuacha humo siku nyingi kupita kiasi, mizizi inajizungusha ndani ya kifuko, na hata ukipandwa baadaye hauendi vizuri. Hapo wazazi waliacha kucheka, wakasikiliza.

Sisi tuliwaeleza watoto kwamba katika nchi za baridi wanafanya kinyume. Pale Kew, London, kuna nyumba kubwa ya vioo iliyomalizika kujengwa mwaka 1848 kwa ajili ya michikichi na mimea mingine ya nchi za joto. Kioo kinaruhusu mwanga wa jua kuingia, lakini joto linabaki ndani. Huku neti inazuia jua, kule kioo kinalikamata jua. Ndani ya nyumba hiyo kuna mmea mmoja ulioletwa kutoka Afrika ya Kusini mwaka 1775, na mpaka leo uko hai ndani ya chungu chake. Jina lake la kitaalamu ni Encephalartos. Ndugu yake mmoja yuko karibu yetu kabisa: anaota kwenye bonde la maporomoko ya mto Mpanga, ule ule unaopita Fort Portal na kuishia ziwa George, na porini haujulikani kuota mahali pengine popote duniani. Watoto walishangaa. Kumbe vitu vya ajabu si lazima vitoke mbali.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe ambalo limetufanya tuandike.

Wakati wa kula, mtunza bustani alisema kwamba tukitaka tunaweza kununua miche michache ya kupanda nyumbani. Walimu tulifurahi. Lakini mama mmoja, kati ya wale wazazi wanne, alikataa hata kuisogelea. Akasema: "Mimi sipande muti huku. Ukipanda muti, umesha kubali kubaki." Wengine wakanyamaza. Hakuna aliyemwambia umekosea, maana kila mmoja wetu amewahi kuwaza hivyo. Mama huyu aliacha kahawa na avoka zake upande wa Beni. Alivuka Mpondwe na watoto watatu na maharage ya mbegu yaliyofungwa kwenye pindo la kitenge, basi. Maharage anapanda kila msimu. Maharage ni miezi mitatu, mtu anaweza kuvuna akaondoka. Mti ni habari nyingine.

Aliyemjibu ni mzee tuliyekuwa naye, mtu wa Lubero. Hakuanza na mama, alianza na watoto. Aliwaambia kwamba alipokuwa kijana alifanya kazi ya kumenya maganda ya mti wa kinini, dawa ya malaria. Mti huo asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, mbali kabisa, lakini ulishika Kivu mpaka watu wakadhani ni wa kwao. Mihogo tuliyokuwa tunakula pale, nayo ilitoka Amerika. Mahindi vilevile. Ndizi zilitoka Asia. "Sasa nani atasema sombe si chakula chetu?" akauliza. Watoto wakajibu kwa pamoja hakuna.

Halafu akasimulia juu ya mti mwingine, ambao kwa kitaalamu unaitwa Prunus africana. Huu ni wa Afrika hasa, na watu wa Butembo wanaujua kwa sababu maganda yake yanauzwa nje kutengenezewa dawa ya wanaume wazee wenye taabu ya kukojoa. Alisema ukibandua upande mmoja na kuacha mwingine, mti unapona. Ukibandua kuzunguka shina lote, chakula kinachoshuka kutoka majani hakifiki tena kwenye mizizi, na mti unakufa umesimama. "Watu walikuwa na haraka," alisema, "wakawa wanabandua wote, kama vile kesho haipo. Sisi tusiwe na haraka ya namna hiyo, hata kama hatujui kesho tutalala wapi."

Mama yule hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikwenda kusoma vibao. Pale bustanini kuna miti yenye kibao cha jina lake. Alimwita binti yake amsomee, na binti akamwambia kwamba kwenye bustani nyingi za namna hii wanaandika pia mahali mti ulipotoka. Mama akauliza: "Hata ukikaa miaka mingi, hawafuti?" Tukamjibu hawafuti. Ule wa Kew una zaidi ya miaka 240 ugenini, na bado unaandikwa ni wa Afrika ya Kusini.

Kabla ya kupanda gari alikwenda kwa mtunza bustani kuuliza miti inachukua muda gani kuzaa. Avoka ya mbegu, miaka mitano na kuendelea. Avoka ya kupandikiza, mitatu au minne. Papai, ukilitunza, karibu mwaka mmoja. Akanunua miche miwili ya papai. "Mwaka moja naweza kuahidi," alisema. Ile ya avoka hakuigusa, na sisi hatukumlazimisha.

Wazazi wapendwa, hatuandiki haya ili tuwaambie msahau nyumbani. Wenyeji wetu Wakonzo wanaongea karibu lugha moja na Wanande, mpaka wa Lubilia unavukwa kwa daraja, na kila mtu hapa anasikiliza redio kujua kama njia imetulia. Tutarudi siku itakayowezekana. Lakini hapa tulipo milima inahitaji miti kama vile kule. Mnakumbuka mto Nyamwamba ulivyofurika Kasese mwezi wa tano mwaka 2013, na tena mwezi wa tano mwaka 2020, ukabeba nyumba na mawe makubwa. Mizizi inashika udongo bila kuuliza aliyepanda ni raia au mkimbizi. Na sisi ndio tunaokata kuni kila siku. Mtoto anayeona miti inakatwa tu, haoni hata mmoja ukipandwa, atajifunza nini kwetu?

Kwa hiyo tumeanzisha kitalu kidogo nyuma ya darasa, chini ya turubai kuukuu tuliyoitoboa mashimo. Mpaka sasa tuna miche ya papai, marakuja na avoka. Kila mtoto ana kifuko chake na kibao cha mbao chenye mistari mitatu: jina la mti, jina la mtoto, na mahali familia yake ilikotoka. Tunaomba mtusaidie kwa mambo haya: vifuko vya maziwa au sukari msivitupe, tuleteeni. Samadi ya mbuzi iliyokauka, hata ndoo moja. Na mbegu za kwenu, kama mlivuka nazo, leteni kidogo tu, tutaziandika zilikotoka.

Papai za yule mama zimeshika. Mwezi huu zina majani saba kila moja, na mbuzi wa jirani amezuiwa na uzio wa miiba.

Mungu awalinde. Tuonane mwezi ujao.

Walimu wenu wa kujitolea