Soma Vile Iliandikwa

Kitabu chenyewe ni kimoja tu na sisi tuko kumi na nne, kwa hiyo tunasomeana. Kila Jumamosi saa nane mchana, kwenye chumba tunachoazimwa hapa Nsambya, mmoja anashika kitabu, anasoma Kiingereza kimoyomoyo, halafu anatuambia kwa Kiswahili. Ni kazi, msione hivi. Kuna siku tulibishana juu ya neno moja mpaka mvua ikatukuta hapo hapo.

Kinaitwa Waiting, yaani kungoja. Kiliandikwa na Goretti Kyomuhendo, mzaliwa wa Hoima, mmoja wa wanawake walioanzisha FEMRITE, chama cha waandishi wanawake cha kule Kamwokya. Kilitoka mwaka 2007, ni chembamba, unaweza kukificha kwenye mfuko wa koti. Hadithi yake ni ya mwaka 1979. Jeshi la Idi Amin lilikuwa limeingia Kagera, Tanzania, Oktoba 1978. Watanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni wakajibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Askari wa Amin wakakimbia kuelekea kaskazini, wakipora na kuua njiani. Hoima iko kwenye njia hiyo.

Sasa, ukitegemea mizinga na vifaru utachoka. Kuna msichana wa miaka kumi na tatu, Alinda, na watu wa kwao. Mama ni mjamzito. Kaka anataka kuwa mwanajeshi. Mchana wanapika, wanateka maji, wanagombana vitu vidogo vidogo. Usiku wanatoka ndani ya nyumba wanaenda kulala kwenye migomba, kwa sababu askari wakija wataanzia nyumbani. Wanangoja. Mwenzetu mmoja aliuliza wiki ya pili, "Lakini vita vinaanza lini?" Mwingine, aliyetoka Djugu na wadogo zake watatu, akamjibu bila hata kumwangalia: "Hivi ndivyo vyenyewe."

Tukanyamaza kidogo. Wengi wetu tumelala porini. Tunajua mtoto akikohoa usiku watu wazima wanafanya nini kwa mkono. Tunajua namna mtu anarudi nyumbani asubuhi kuangalia kama sufuria bado ziko. Lakini hatukuwahi kufikiri hayo ni ya kuandikwa kwenye kitabu. Sisi tulifikiri kinachoandikwa ni ile siku ya risasi.

Dada na kaka wa mashirika mnaosoma hapa, msituelewe vibaya. Maswali yenu tunayajua kwa kichwa: nani alikushambulia, tarehe gani, walikuwa wangapi, ulivuka mpaka wapi. Tunaelewa faili inataka hivyo. Ila ukishajibu mara ya nne, ya tano, hadithi yako inakuwa kama noti iliyoshikwa sana, bado ni pesa lakini picha imefutika. Hakuna aliyetuuliza siku ile kulikuwa na nini jikoni. Mmoja wetu anakumbuka sombe iliyobaki kwenye moto, mafuta ya mawese yameshatiwa, bado chumvi. Anasema mpaka leo akipika sombe anaonja chumvi mara mbili.

Halafu tukafika kwa yule jirani.

Ndani ya kitabu kuna mwanamke aliyetoka ng'ambo ya ziwa, Zaire ya wakati ule. Anakaa kijijini na kina Alinda, anajua dawa za majani, watu wanamwendea wakipata shida. Jina lake hatupewi. Anaitwa tu "mwanamke wa Kilendu". Kitabu kizima hivyo.

Siku hiyo aliyekuwa anasoma ni kaka yetu mmoja, Mhema. Kwenye kikundi kuna pia dada yetu, Mlendu. Kwa ambao hamjui Ituri: vita vya Wahema na Walendu viliwaka 1999 mpaka 2003, watu wakafa maelfu kwa maelfu, halafu Desemba 2017 moto ukaanza tena, na mwanzoni mwa 2018 watu wakajaa kwenye mitumbwi ya Ziwa Albert kuja Hoima hiyo hiyo ya kwenye kitabu, wakapelekwa kambini Kyangwali. Hawa wawili walivuka ziwa moja. Hapa kikundini wanasalimiana vizuri, wanagawana chapati. Mambo ya kwao hawayagusi, na sisi wengine tumejifunza kutoyagusa.

Basi akasoma, na kila alipofika kwenye lile neno akatuambia "jirani". Jirani alikuja. Jirani alileta majani. Tulioketi karibu naye tulikuwa tunaona kwa macho kwamba maneno ya Kiingereza ni mengi kuliko hayo. Dada akamwacha amalize ukurasa. Akasema, "Soma vile iliandikwa."

Akasema hapana, ni jirani, maana yake ni ile ile.

"Soma vile iliandikwa."

Akasoma. Mwanamke wa Kilendu. Sauti yake ilibadilika, na si vizuri tuseme zaidi ya hapo. Baadaye alituambia mwenyewe, tena akaturuhusu tuandike, kwamba tangu utoto neno lile alilisikia likipigiwa kelele usiku tu. Hakuwahi kulisikia kwenye sentensi yenye mtu anayetibu.

Mjadala ulikuwa mkali. Wengine walisema mwandishi amekosea: kijiji kizima kina majina, mgeni peke yake hana. Wengine wakamtetea, kwamba anayesimulia ni mtoto wa miaka kumi na tatu, na kijiji kilimuita hivyo, angefanyaje? Dada akasema, "Mama yangu kule kambini walimuitaga Mama Congo. Hapa Kampala mwenye nyumba anamuitaga Mukongo. Miaka saba sasa. Huyu mwandishi hakudanganya." Lakini akasema pia kwamba inamuuma. Sisi tunaona vyote viwili ni kweli, na hatukupiga kura.

Kuna jambo dogo lingine, tuliweke hapa kabla hatujasahau. Watu wazima wa Kampala wakati mwingine wakitusikia na Kiswahili chetu wanakaza uso. Mzee mmoja wa mtaani alituambia wakati wa Amin Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, ya "fungua mlango". Na waliokuja kumfukuza Amin, Watanzania, nao walikuja na Kiswahili. Lugha moja, ilibisha hodi mara mbili. Tangu tujue hivyo hatumkasirikii sana anayetuangalia vibaya kwenye teksi.

Mrundi mmoja wa kikundi alileta kitabu cha pili, Afterlives cha Abdulrazak Gurnah, cha mwaka 2020. Gurnah ni mzaliwa wa Zanzibar, alifika Uingereza akiwa mkimbizi, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Humo kuna Hamza, askari wa jeshi la Wajerumani, anayerudi pwani na jeraha ambalo sajini wa jeshi lake mwenyewe alimtia. Vita vimeisha, kurasa bado nyingi. Hamza anatafuta kazi kwa mfanyabiashara, anatafuta pa kulala, anampenda Afiya, msichana aliyevunjwa mkono kwa sababu alijua kuandika. Tumesoma sura chache tu. Wavulana wanataka turudi kwenye mapigano, wasichana wanataka kujua habari za harusi, na kusema kweli hata wavulana wanataka harusi.

Sasa tumeanza kuandika yetu. Sharti ni moja: uanze na kilichokuwa jikoni au mkononi. Mmoja ameandika kurasa tatu juu ya ndoo ya bluu. Dada anaandika habari za mwanamke anayejua majani, na kwenye mstari wa kwanza ameweka jina, la nyanya yake. Jina hatulitaji, ni la hadithi yake.

Mlioomba kuazima Waiting, mngoje. Kiko kwa yule kaka, wiki ya tatu hii. Anatuambia hajamaliza. Tumejua kwamba amemaliza zamani. Ni mama yake ndiye anayesomewa, jioni, umeme ukiwepo. Mama alipoteza watu wengi kule, na mwanzoni alikataa hata kusikia. Sasa kila jioni anauliza kama yule mwanamke wa Kilendu alifika salama.