Safari ya Baridi, na Somo Lililosahauliwa Jikoni

Kila mtoto aliyepita katika chuo chetu hapa Geita huhifadhi Sura ya Quraysh mapema, kwani ni fupi na ulimi huizoea upesi. Ndani yake zimetajwa safari mbili za Maquraishi, ya wakati wa baridi na ya wakati wa joto. Nasi kwa miaka mingi tumewaeleza watoto kama walivyoeleza wanavyuoni: katika baridi walikwenda Yemen, na katika joto walikwenda Sham. Maquraishi walikuwa watu wa akili; baridi ilipokuja waliikimbia. Sisi, mwezi wa Desemba uliopita, tuliifuata hata nyumbani kwake.

Kijana wetu wa pili alianza ufundi wa mitambo katika migodi ya dhahabu ya huku kwetu, kisha akapata kazi Ujerumani. Shule zilipokaribia kufungwa na chuo nacho kupumzika, alituletea tikiti mbili za ndege, yetu na ya mama yake. Tusifiche kitu, ndugu wasomaji: tulipoziona tulisema moyoni kwamba moja ingetosha. Tulimpelekea habari kwamba mama abaki kuangalia nyumba na mbuzi, na fedha ya tikiti yake iezeke chuo. Akajibu kwa adabu, kwa maneno machache: “Baba, nimewaalika wawili.” Basi tukanyamaza, tukakumbuka kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alipotaka kusafiri alikuwa akiwapigia kura wake zake, na aliyetokewa na kura akatoka pamoja naye. Hadithi hiyo tulikuwa tukiisomesha kila mwaka, wala haijapata kutugusa.

Tulitoka Geita alfajiri, tukavuka Ghuba ya Mwanza kwa lile daraja refu la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, tukapanda ndege hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo hadi Istanbul na Berlin. Mama watoto, mzaliwa wa Shinyanga mjini, hakuwahi kupita Mwanza maishani mwake. Angani yeye alishika tasbihi yake kwa vidole viwili, nasi tulishika kiti kwa mikono miwili. Msomaji na apime mwenyewe nani alikuwa jasiri.

Kwetu sisi tulio karibu na mstari wa Ikweta, usiku na mchana ni ndugu wa kimo kimoja mwaka mzima. Berlin katika Desemba si hivyo. Tarehe 21 jua lilichomoza saa mbili na robo ya asubuhi, na kabla ya saa kumi ya alasiri lilikuwa limekwisha kutua. Adhuhuri huingia saa sita na dakika chache, Alasiri huifuata kwa muda mfupi, na Magharibi hubisha hodi mtu hajamaliza shughuli moja. Aliyezoea kusema “nitasali baadaye” kule hana baadaye.

Siku ya tatu kijana alitutembeza mjini. Theluji ilikuwa imeanguka usiku, na Adhuhuri ikatukuta katika stesheni kuu ya gari moshi. Sisi tulikuwa tumevaa viatu virefu vya ngozi asubuhi, baada ya kutimiza udhu. Basi tulinawa uso na mikono, tukapaka maji kichwani, kisha juu ya viatu, tukamaliza. Mama watoto aliingia upande wa wanawake, akakawia. Robo saa ikapita, hata nusu saa. Alipotoka midomo ilikuwa ikitetemeka. Alikuwa amevua viatu na soksi, akainua mguu mmoja mmoja hadi kwenye beseni lililo juu, mbele ya wanawake waliomkodolea macho, akaosha kwa maji baridi kama barafu, kisha akavaa soksi juu ya miguu iliyolowa. Usiku ule homa ikampanda, na kwa siku tatu hakutoka kitandani.

Tukamwuliza, na sauti yetu ilikuwa na ukali: “Mama watoto, ulivaa viatu vile hali una udhu. Mbona hukupaka maji juu ya khofu?”

Akatutazama. “Khofu gani, Mwalimu?”

Tulidhani ni homa inayosema. Akaendelea taratibu: “Miaka yote watoto wanaposoma barazani, mimi niko jikoni nawapikia uji. Huwasikia wakiimba, kupaka maji juu ya khofu, kupaka maji juu ya khofu. Mimi nilidhani ni dawa ya woga. Mtu akishikwa na hofu, na apake maji. Kisha mkafika kwenye sala ya khofu, nikasema naam, ni mambo yale yale.”

Kijana alicheka, na mama yake naye akacheka mpaka akakohoa. Sisi hatukucheka. Kwa Kiarabu hayo ni maneno mawili mbalimbali, moja ni kiatu cha ngozi na la pili ni woga. Katika ulimi wetu yamekuwa neno moja, na mwenye kuyatenganisha ni mwalimu. Na mwalimu wa nyumba ile alikuwa nani? Tumesomesha watoto wa watu, wavulana na wasichana, hata wengine leo ni maimamu huko Kahama na Katoro. Lakini aliyewapikia uji kila asubuhi hatukumfungulia hata mlango mmoja wa fiqhi. Tulimwona akisali na kufunga, tukatosheka. Qurani imetuamrisha tujilinde nafsi zetu na ahali zetu na Moto. Sisi tuliichukua amri ile tukaipeleka barazani, tukapita mlango wa jikoni bila kubisha. Aliyekaa karibu na kisima ndiye aliyebaki na kiu, na sasa kiu yake ilikuwa imemwangusha kitandani katika nchi ya ugenini.

Usiku wa kule ni mrefu, na Isha hupita mapema. Tangu usiku ule, alipopata nafuu, tulikaa naye kando ya dirisha tukasoma. Tulimweleza kwamba khofu ni lazima ivaliwe baada ya udhu uliotimia. Iwe tohara, ifunike mguu pamoja na vifundo vyake, iwe madhubuti ya kutembelea, wala isipenyeze maji upesi. Kwamba mkaazi ana ruhusa ya mchana mmoja na usiku wake, na msafiri siku tatu na masiku yake. Na kwamba mwenye janaba hana budi kuivua na kuoga. Nasi pale Berlin, kwa kuwa tulikusudia kukaa wiki mbili, tulikuwa na hukumu ya mkaazi.

Akauliza: “Muda huo huanza kuhesabiwa lini?” Tukajibu upesi kwamba ni tangu kuvaa. Akanyamaza kidogo, akasema: “Basi aliyevaa alfajiri akakaa na udhu wake hadi Adhuhuri, amepunjwa nusu siku kabla hajaitumia ruhusa.” Tukaona maneno yake yana uzito. Tukafungua kitabu, tukakuta kwamba kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi muda huhesabiwa tangu udhu ulipotenguka baada ya kuvaa. Tukarudi tukajisahihisha mbele yake na mbele ya mwanawe. Katika barazani kwetu hapajatokea mwanafunzi wa kutuuliza hivyo.

Alipopona, kijana alitutembeza tena, akatukumbusha kwamba sisi si watu wa kwanza wa Kiswahili kutetemeka katika mji ule. Mtoro bin Mwinyi Bakari, wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yasomwa hadi leo, alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Alioa huko mwaka 1904, na mwaka uliofuata alipotaka kurudi pwani pamoja na mkewe, serikali ya kikoloni ya Kijerumani iliwazuia kushuka. Angaliweza kumwacha mkewe melini akashuka peke yake kwao. Alirudi naye katika baridi, akafia Berlin mwaka 1927. Tulipoyasikia hayo tulikumbuka ile tikiti tuliyotaka kuigeuza mabati.

Kabla ya kurejea, kijana alitupeleka siku tatu Sarajevo, katika nchi ya Bosnia, ili tuone Waislamu wa Ulaya ambao dini ni yao ya mababu. Mji uko katikati ya milima, nayo ilikuwa meupe yote. Karibu na Msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa karne ya 16, upo mnara wa saa. Mama watoto aliutazama wakati wa kutua jua, akatushika mkono: “Mwalimu, saa yao inasema kama yetu!” Na kweli, mikono yake ilikuwa imesimama kwenye kumi na mbili. Saa ile huhesabiwa tangu kutua jua, na mtunzaji wake huirekebisha jua linapohama, ili Magharibi iwe daima ni saa kumi na mbili. Tukaingia msikitini, yeye akaenda sehemu ya wanawake, tukasali jamaa chini ya paa moja. Katika msikiti wetu wa mtaani hakuna nafasi ya wanawake. Miaka yote ya ndoa yetu hatukuwahi kutoka msikitini pamoja.

Jirani na hapo ipo maktaba ya huyo huyo Gazi Husrev-beg. Katika hati ya wakfu ya mwaka 1537 aliagiza kwamba fedha itakayosalia katika kujenga madrasa yake inunuliwe vitabu. Mji ulipozingirwa tangu Aprili 1992 kwa karibu miaka minne, na Maktaba ya Taifa ikateketezwa kwa moto mwezi wa Agosti mwaka ule, wafanya kazi wa maktaba hii, mkuu wao akiwa Mustafa Jahić, walivihamisha vitabu vya mkono mara baada ya mara, wakivibeba katika masanduku barabarani chini ya risasi. Miongoni mwao alikuwamo mlinzi wa usiku, Abbas Lutumba Husein, Mwafrika mwenzetu kutoka Kongo. Mama watoto alisikiliza kisa hicho, akasema: “Hawa walibeba elimu chini ya risasi ili isipotee. Sisi yetu ilishindwa kuvuka ua.” Hatukuwa na jibu.

Tumerudi Geita. Kila Jumamosi baada ya Alasiri baraza la chuo sasa ni la akina mama. Siku ya kwanza mama watoto aliomba aanze yeye, akafundisha mlango wa khofu. Baadhi yao walicheka, wakasema, “Mama Mwalimu, theluji ya Geita iko wapi?” Ndipo akainuka mwanamke mmoja aoshaye mchanga wa dhahabu kwenye mwalo, akauliza: “Mimi huvaa gambuti tangu alfajiri hadi jioni, na matope ya mwaloni ni mengi. Kila Adhuhuri huvua na kuosha miguu, kisha huikanyaga tena tope ile ile kabla sijavaa. Wakati mwingine huchoka, nikaiacha sala hadi usiku. Je, gambuti ni khofu?”

Mama watoto akatugeukia. Tukamfanyia ishara ajibu mwenyewe. Akazitaja sharti moja moja, tohara, vifundo, uimara na maji, kisha akasema: “Naam, dada yangu. Vaa na udhu wako alfajiri, kisha paka.”

Yule mama akakaa chini, akajifunika uso kwa kanga. Alikuwa akiishi hatua mia mbili kutoka chuoni kwetu. Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyachelewesha, na awape wasomaji wetu tawfiki ya kuanza nyumbani. Amin.