Risasi za Mjomba

Risasi ni kile kinachotoka kwenye bunduki, na pia ni metali yenyewe. Ndiyo maana nikiwaambia wenzangu hosteli kwamba mjomba wangu wa Nkome, Geita, anayeyusha risasi uani, wanashtuka. Jamani, ni chubwi za nyavu tu! Samaki wa Ziwa Victoria hawapigwi bunduki.

Anavunja betri chakavu za magari, anatumbukiza vyuma vyake kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, mkaa unafika huko bila shida. Kalibu lazima ikauke kabisa, maana tone la maji hurusha metali hadi usoni. Anauza, ndiyo, ila nadhani anafanya zaidi kwa kupenda. Nani mwingine anapaka chubwi rangi ya bluu wakati zinaenda kuzama?

Tatizo ni vumbi. Mwanawe wa miaka 3 hucheza hapohapo, na vidole havitoki mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama cha risasi kwenye damu. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, mamia ya watoto walikufa kwa risasi iliyokuwa ndani ya mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani. Hakuna aliyefyatua kitu.

Likizo iliyopita nilimwambia. Akaniangalia weee, kisha akasema, "Mpwa wangu, ada yako ya kidato cha tano ilitoka kwenye hii sufuria."

Ni kweli.

Jiko amelihamishia nyuma ya migomba. Betri bado zimepangwa ukutani, mtoto anazikalia.