Mulungwishi: Kuchelewa masomo si uvivu kila mara

Mwezi wa sita, baridi ya asubuhi ikikamata Mulungwishi, mtoto mwenye ugonjwa wa viungo anaamka vidole na magoti vimekaza. Saa sita anacheza na wenzake, na watu wanasema alijifanya mgonjwa. Sivyo. Ugonjwa huu unabana asubuhi, kisha unalegea. Hauambukizi, wala si ulozi. Lakini hesabu za saa ya kwanza zinampita, kalamu inamshinda, pointi zinashuka, na akili yake ni nzima.

Wazazi, wenyeji na mliokimbia makwenu: mtoto akivimba kiungo au akichechemea kila asubuhi, mpelekeni kwa daktari mapema. Macho nayo yapimwe, maana unaweza kuyaharibu kimyakimya. Walimu: mwacheni aingie hata akichelewa, mumuulize kwa mdomo. Fimbo hainyooshi goti.