Mtandao Ukiwa Mzito, Usimfukuze Mlinzi Kwanza

Leo naweka kando viwavijeshi na mbegu, nizungumzie jambo lililonitesa mimi mwenyewe: mtandao wa ofisi unaokuwa mzito mara tu unapowasha kinga ya wavamizi. Najua wengi mnaosoma hapa mna simu tu. Lakini chama chako cha msingi na duka unakouzia mazao vina kompyuta, na humo ndani limo jina lako, namba yako ya simu na kilo zako. Kwa hiyo linakuhusu.

Nianze na kosa langu. Miaka michache iliyopita mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale Musoma alinipigia simu. Tangu fundi amfungie kisanduku cha ulinzi, mtandao wa stoo yake ulikuwa unatambaa. Mimi ni afisa ugani, siyo fundi wa kompyuta, lakini huku kwetu ukijua kidogo unaitwa mtaalamu. Nikamjibu, "Kizime tu mama, kazi iende." Kazi ikaenda. Wiki chache baadaye alikuta mafaili yake yote yamefungwa, na ujumbe wa kudai fedha umekaa kwenye kioo. Siwezi kuapa kwamba kisanduku kile kingezuia. Ninachojua ni kwamba orodha ya wadaiwa wake ilikuwa humo, hakuwa na nakala, na wadaiwa wengi walisahau haraka sana.

Usidhani haya ni mambo ya mbali. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea kwa siku chache tu katika nchi zaidi ya 150, vikipitia tundu la Windows ambalo Microsoft ilishatoa kiraka chake Machi mwaka huohuo. Waliochelewa kuziba ndio walioumia.

Msimu wa pamba uliopita nikakutana na lalamiko lilelile Bunda, kwenye ofisi ya chama cha msingi. Wakulima wamekaa nje wanasubiri malipo, karani anatuma orodha, haiendi. Walishanunua kifurushi kikubwa mara mbili bila nafuu. Karani alikuwa ameshashika waya wa kisanduku auchomoe. Safari hii nikamwambia, "Subiri kijana wangu, tupime kwanza."

Elewa kinachotokea. Data husafiri ikiwa imekatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Ruta ya kawaida husoma anwani ya pakiti na kuipitisha. Kinga ya wavamizi huifungua na kuilinganisha na maelfu ya kanuni. Ni sawa na karani wa pamba anayefungua kila gunia kutafuta maji na mchanga, badala ya kupima uzito tu. Foleni lazima irefuke. Swali ni je, imerefuka wapi, na kwa sababu gani?

Fanya hivi:

1. Pima. Tumia kompyuta moja, kwa waya siyo waifai, wengine wakiwa wametulia. Pima mara tatu kinga ikiwa imewashwa, izime kwa dakika chache upime mara tatu, kisha iwashe tena. Fanya yote kwa wakati mmoja, maana jioni mnara huwa umelemewa. Kasi ikiwa ileile, mlinzi hana kosa. Tafuta kwenye mnara, waya au kifurushi. Sisi tulipata megabiti 38 kwa sekunde bila kinga, na 9 ikiwa imewashwa.

2. Angalia prosesa ya kisanduku, na usidanganywe na wastani. Ikiwa na viini vinne, kimoja kikielemewa kabisa na vitatu vimelala, utaonyeshwa asilimia 25 tu. Programu ya Snort, iliyoanza 1998, kwa miaka mingi ilikagua kwa kiini kimoja. Toleo la 3, lililotoka 2021, ndilo lililoweza kugawa kazi. Suricata iligawa tangu mwanzo. Hata hivyo, faili moja kubwa kwa kawaida hubaki mikononi mwa kiini kimoja. Ndiyo maana kipimo cha kasi kinaweza kupendeza huku faili lako likitambaa.

3. Tazama kama kuna pakiti zinazodondoshwa. Foleni ikijaa, kisanduku huzitupa. Kompyuta inayotuma ikiona hazijafika, hupunguza mwendo na kutuma upya.

4. Hakikisha hakuna ukaguzi wa mara mbili. Hili ndilo lilikuwa kosa kubwa la Bunda: kinga iliwashwa upande wa intaneti na upande wa ndani pia, gunia lilelile likifunguliwa mara mbili. Tukabakiza upande wa ndani.

5. Punguza kanuni. Kama huna seva ya barua pepe, kanuni za kuilinda zinakula nguvu bure. Zile zinazolinda kompyuta ulizo nazo usiziguse.

6. Nakala ya akiba iliyosimbwa, inayokwenda sehemu moja unayoiamini, iruhusu ipite bila kukaguliwa, kwa sababu kinga haioni ndani yake. Ruhusu anwani hiyo moja tu, siyo kompyuta nzima.

Tulipomaliza tulipata megabiti 27. Hatukurudi kwenye 38, kwa sababu ukaguzi una gharama yake. Lakini orodha ilikwenda, na mlinzi alibaki mlangoni. Ukinunua kifaa, usisome ile kasi kubwa iliyo juu ya boksi. Uliza kasi yake kinga ikiwa imewashwa.

Juzi Butiama, kwenye kikao cha wakulima wa muhogo, mzee mmoja aliniuliza, "Sasa sisi tusio na kompyuta tufanye nini?" Nikamwambia, "Mzee wangu, kwenye mkutano mkuu uliza mambo matatu. Taarifa zetu ziko kwenye kompyuta ipi? Nakala yake iko wapi? Na kinga imewashwa, au ilizimwa ili kazi iende?" Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayehifadhi taarifa zako azilinde, kwa hiyo hauulizi kwa kuomba hisani.

Mahindi yakigeuka njano hukimbilii kuyang'oa. Unachimba, unatazama mizizi na maji, ndipo unaamua. Na mtandao ufanyie hivyohivyo. Mimi nilijifunza kwa hasara ya mama wa Musoma. Wewe usisubiri hasara yako.

Kazi njema.